CHAI YA SAA NNE NA UGONJWA WA SUKARI

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya afya mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia katika mkutano wa chama. Mmezoea kusikia hapa habari za mishahara, saa za ziada, na watu walioachishwa kazi bila sababu. Leo twataka kusema juu ya chai, mandazi, soda na njugu. Msicheke. Kabla hatujamaliza mtaona ya kuwa mambo haya na yale ya mishahara yanakaa nyumba moja.

Wako kati yetu wenye ugonjwa wa sukari. Wengine wanajijua nao wamenyamaza, kwa kuwa wanaogopa ya kwamba tajiri akisikia atawahesabu si watu wa kazi tena. Wengine hawajijui bado. Ugonjwa huu, khasa ule wa aina ya pili, waweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma. Mtu huona kiu, huenda haja ndogo mara nyingi usiku, huchoka, macho yake huona ukungu, au kidonda chake hukawia kupona, naye husema, "Ni kazi nyingi tu." Katika kila watu 10 wenye ugonjwa wa sukari, 9 hivi wana huu wa aina ya pili. Basi ndio tutakaousemea leo, na khasa tutasema juu ya vile vitu vidogo tunavyokula kati ya mlo na mlo, pale kibandani nje ya lango la kiwanda.

UGONJWA WENYEWE

Chakula cha wanga ni kile cha kutia nguvu: ugali, wali, chapati, mkate, mandazi, uji, viazi, muhogo, nduma, ndizi, mahindi, na sukari yenyewe. Matunda na maziwa yana sukari yake ya asili, na maharagwe yana wanga pia, ingawa huo hushuka polepole. Vyote hivi vikifika tumboni huvunjwa vikawa sukari ya damu. Kisha kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari hiyo njia iingie katika nyama za mwili, ipate kutumika.

Fikirini habari ya bandari ya Mombasa. Meli zinashusha mizigo kama kawaida, lakini malori ya kuiondoa yamepungua na milango ya bandari imeshika kutu. Mizigo itarundikana hata pasiwe na pa kukanyaga. Ndivyo sukari inavyorundikana katika damu ya mwenye ugonjwa huu: insulini haitoshi, na hiyo iliyopo haifungui milango vizuri. Ikikaa hivyo miaka, huharibu mishipa midogo ya macho na figo, hudhuru moyo, na huondoa hisia za miguu, hata mtu akachomwa na msumari ndani ya buti asijue.

Dawa za daktari huongeza malori na kuilegeza milango. Lakini kazi moja imebaki kwetu wenyewe, nayo ni kuangalia meli zisifike zote kwa saa moja. Ndugu, hilo ndilo neno letu kubwa leo. Si lazima mgonjwa aache vyakula vya kwao. Yampasa ajue ni wanga kiasi gani unaoingia kwa mara moja, na kwa saa gani.

HESABU YA CHAI YETU

Watu wengi wakiambiwa wana sukari huacha kutia sukari katika chai, kisha hula mandazi matatu wakasema, "Haya hayana tamu." Wengine huacha sukari nyeupe wakachukua asali, au sukari guru, au sukari ya kahawia. Damu haitambui rangi wala haiulizi tamu imetoka wapi. Hebu tufanye hesabu pamoja, kama tunavyohesabu makato katika karatasi ya mshahara.

Kikombe kikubwa cha chai, nusu maziwa na nusu maji, kina gramu 6 hivi za sukari ya maziwa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kisichojazwa mno, ni gramu 4. Vijiko vitatu ni 12. Basi chai peke yake ni gramu 18.

Andazi moja la kawaida lina gramu 25 hivi za wanga, na lile kubwa zaidi lina kupita hapo. Mandazi mawili ni 50. Ongeza juu ya chai, twapata 68. Na huo bado si mlo, ni kupoza njaa tu.

Sasa tuje saa saba. Wengi wetu hula nusu mkate na soda, kwa kuwa ni rahisi, hushibisha upesi, na hakuna kungoja mstari. Nusu ya mkate wa gramu 400 ina karibu gramu 100 za wanga. Soda ya chupa ndogo, mililita 300, ina gramu 30 na zaidi kidogo za sukari. Jumla ni 130. Madaktari wengi humwanzishia mtu mwenye ugonjwa huu gramu 45 mpaka 60 kwa mlo mmoja, kisha humrekebishia kufuatana na umbo lake, kazi yake na dawa zake. Hivyo huyu ndugu wa nusu mkate na soda amekula mlo wa watu wawili, na humo hamna mboga, wala yai, wala nyama. Saa tisa atakuwa na njaa tena na usingizi juu yake.

Hatusemi haya ili tumwaibishe mtu. Twajua kwa nini watu wanakula hivyo. Mandazi ni rahisi kuliko yai, na wakati wa kula ni mfupi. Lakini mtu hawezi kulipunguza deni asilolijua.

FUNGU MOJA

Ili hesabu isiwe ngumu, wataalamu wa lishe hutumia kipimo cha gramu 15 za wanga. Sisi tutakiita fungu. Kwa watu wengi wenye ugonjwa huu, chakula kidogo cha kati ya mlo na mlo kinafaa kiwe fungu moja, au chini ya hapo. Hivi hapa ni vitu ambavyo kila kimoja ni karibu fungu moja:

Kipande kimoja cha mkate.
Chungwa moja la kadiri, au ndizi mbivu moja ndogo.
Nusu ya embe la kadiri.
Kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, kiasi cha nusu ya ngumi.
Kipande cha nduma au muhogo, kidogo kuliko hicho, maana hivi vina wanga mwingi zaidi.
Nusu ya hindi la kuchoma, kama ni hindi kubwa.
Zaidi kidogo ya nusu ya andazi.
Kikombe kimoja cha maziwa lala yasiyotiwa sukari, ambacho ni chini kidogo ya fungu.

Na hivi ni vitu ambavyo wanga wake ni mdogo sana:

Yai la kuchemsha, ambalo halina wanga wa kuhesabu.
Njugu karanga kiasi cha kiganja kimoja, gramu 5 au 6 tu.
Nusu ya parachichi.
Nyanya, tango, na kachumbari.
Chai au kahawa isiyotiwa sukari, na maji.

Yule anayepita na mkokoteni wa mayai ya kuchemsha na kachumbari anauza chakula kinachomfaa mgonjwa wa sukari kuliko duka zima la biskuti. Mayai mawili na chai isiyo na sukari hayafiki hata gramu 8 za wanga, nayo hukaa tumboni mpaka saa saba. Lakini angalieni chumvi. Wengi wenye ugonjwa wa sukari wana shinikizo la damu pia, na soseji zinazouzwa pamoja na mayai hayo zina chumvi na mafuta mengi. Njugu nazo ni bora zile zisizotiwa chumvi, na kiganja ni kiganja. Mfuko mzima utaleta unene, na unene huzidi kuishikisha milango ile kutu.

Tena, wanga ukila peke yake hukimbia. Ukiuchanganya na yai, njugu, maziwa au maharagwe, huenda polepole. Kipande kimoja cha mkate pamoja na yai kitaipandisha sukari yako polepole kuliko vipande viwili vikavu na chai tamu. Tunda zima ni bora kuliko maji yake, kwa kuwa nyuzi za tunda huichelewesha sukari. Glasi moja ya maji ya machungwa hukamuliwa kwa machungwa matatu au manne, na mtu huimeza kwa dakika moja. Maji ya miwa ni sukari tupu.

Wengine wameuliza habari ya ugali wa mtama na wa wimbi. Ni chakula kizuri chenye nyuzi, lakini nao ni wanga, na huhesabiwa kama mwingine. Kwa mlo wenyewe fuateni sahani: nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kabichi au mchicha, robo iwe maharagwe, ndengu, samaki au nyama, na robo ndiyo iwe ugali, kiasi cha ngumi yako. Twajua ya kuwa kwa mtu wa kazi ngumu robo hiyo huonekana ndogo. Yule anayebeba magunia kutwa huenda akaruhusiwa kuongezewa, maana kazi ya mwili hutumia sukari. Aulize kliniki na apimwe, asijipimie kwa macho.

NANI ANAHITAJI KULA KATI YA MLO NA MLO

Hapa pana jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha. Si kila mwenye ugonjwa wa sukari anahitaji kula saa nne. Inategemea dawa anayomeza.

Anayetumia metformini peke yake ni shida sana sukari yake kushuka mno. Huyu akinywa chai isiyo na sukari saa nne na kungoja chakula cha mchana, hana hatari kubwa. Lakini anayetumia glibenklamidi au gliklazidi, au anayejidunga insulini, yuko katika hali nyingine. Dawa hizo huendelea kuishusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Huyu akimeza dawa alfajiri, akaja kazini, na chakula kikacheleweshwa kwa kuwa mashine imeharibika au lori limechelewa, aweza kuanguka.

Basi kila mmoja aende akaulize jina la dawa yake na alijue. Aulize swali moja: "Dawa hii yaweza kunishusha sukari nikikosa kula?" Akiambiwa ndiyo, awe na chakula mfukoni siku zote. Wa zamu ya usiku wamwambie daktari saa zao za kazi, maana karatasi iliyoandikwa "asubuhi na jioni" haimjui mtu anayelala mchana. Ndugu zetu wanaofunga Ramadhani nao wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, wapangiwe dawa upya. Na pombe juu ya tumbo tupu ni hatari kubwa kwa watumiaji wa dawa hizi.

SUKARI IKISHUKA KAZINI

Sukari ikishuka chini ya 4 katika kipima sukari, mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo humwenda mbio, na huona njaa kali. Ikizidi kushuka, huchanganyikiwa, hukasirika bila sababu, maneno yake hulegea, naye huyumba. Ndugu wanachama, tazameni dalili hizo tena. Mtu anayeyumba, anayetamka maneno ya kulegea, na kugombana na msimamizi, anafanana na nani? Anafanana na mlevi.

Hapo ndipo chakula kinapokuwa jambo la chama. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinauweka ulevi wakati wa kazi katika makosa makubwa, ambayo mtu aweza kufukuzwa papo hapo. Mtu mwenye sukari iliyoshuka aweza kuandikwa kuwa mlevi, akatolewa nje ya lango, naye akaangukia huko peke yake. Atakuwa amepoteza kazi, na huenda akapoteza na uhai, kwa ajili ya vijiko vitatu vya sukari ambavyo mtu yeyote angeweza kumpa.

Maana hiyo ndiyo dawa yake. Akiwa anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai hapa. Msimpe mandazi wala njugu kwanza, kwa kuwa mafuta huichelewesha sukari. Ngojeni dakika 15. Akiwa na kipima, apime. Kama hajapata nafuu, mpeni tena kiasi kile kile. Akiisha kupata nafuu, ale kitu cha kumshikilia, kama mkate na yai, asirudi kwenye mashine mpaka awe mzima kabisa. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote kinywani. Mlazeni ubavu na mmpeleke hospitali upesi.

Mtaona ya kuwa ile soda tuliyoikataza saa saba tumeiruhusu hapa. Hakuna kupingana. Soda ni mbaya kwa kujaza damu iliyokwisha kujaa, na ni nzuri kwa damu iliyopungukiwa. Mwenye kujua tofauti hiyo amejua nusu ya ugonjwa huu.

HAKI ZETU

Wawakilishi wa chama katika kila idara, sikieni vema. Kifungu cha 41 cha sheria ile ile chasema ya kuwa kabla ya tajiri kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya utovu wa nidhamu, kazi mbaya, au kutojiweza kimwili, yampasa amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Naye mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mwakilishi wa chama amchaguaye, wakati wa kuelezwa. Tena yampasa tajiri asikie majibu yake. Ukiitwa katika shauri la namna hiyo, uliza mapema: "Je, mtu huyu ana ugonjwa wa sukari? Alipimwa? Alikula saa ngapi?" Hakuna atakayeyauliza hayo kwa niaba yako.

Kifungu cha 30 kinampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Mapatano ya chama na tajiri yaweza kuzidisha hapo. Someni mapatano ya mahali penu. Kifungu cha 32 kinamtaka tajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Maji ni kinywaji cha kwanza cha mgonjwa wa sukari, na palipokosekana maji ndipo soda inapouzwa sana.

Tena tangu Oktoba 2024, ilipoanza kazi bima ya SHA mahali pa ile ya NHIF, twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Fedha hizo ni zetu. Kila mmoja na ahakikishe ya kuwa ameandikishwa yeye na watu wa nyumbani mwake, kisha aende akapimwe. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7 au zaidi, au cha wakati wowote kikifika 11.1 au zaidi pamoja na dalili tulizozitaja, hiyo ni sukari, na daktari ataithibitisha. Mwenye kuwa katika dawa tayari huambiwa mara nyingi awe kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Daktari aweza kukuwekea kiasi chako mwenyewe. Na dawa zisiachwe kwa ajili ya majani au unga unaouzwa kituo cha basi. Kitu kichungu hakiondoi tamu katika damu kwa kuwa ni kichungu.

TUNAYOYATAKA

Ndugu Mwenyekiti, kamati yetu yaomba mkutano huu uyakubali mambo matano, yapelekwe kwa tajiri wakati wa mazungumzo yajayo.

La kwanza, chai ya kantini ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe mezani. Hivi leo chai hutoka jikoni imekwisha kutiwa sukari ndani ya sufuria, na asiyeitaka hana la kufanya isipokuwa kuinywa au kukaa na kiu. Jambo hili halimgharimu tajiri hata senti moja. Anayependa vijiko vinne atajitilia vinne.

La pili, saa ya chai na saa ya chakula zisiondolewe wala kusogezwa kwa neno la msimamizi peke yake. Kazi ikilazimu, wenye dawa za kushusha sukari waachwe wale kwanza.

La tatu, pawepo maji safi ya kunywa karibu na kila idara, si kwa karani peke yake.

La nne, kantini iuze mayai ya kuchemsha, matunda na njugu pamoja na mandazi. Hatutaki mandazi yafukuzwe. Twataka yapate wenzake.

La tano, katika kila sanduku la huduma ya kwanza iwekwe sukari, na wasimamizi wafundishwe dalili za sukari kushuka, kama wanavyofundishwa habari za moto.

TUNAYOWEZA KUFANYA WENYEWE

Lakini tusingoje tajiri kwa kila kitu. Tumesema ya kuwa yai ni ghali kuliko andazi. Ni kweli likinunuliwa moja moja. Watu kumi wa idara moja wakichanga kila wiki, waweza kununua trei ya mayai 30 na gorogoro ya njugu mbichi kwa bei ya sokoni, kisha mmoja akachemsha na kukaanga nyumbani kwa zamu. Mama anayetuuzia chai pale langoni naye ni mtu wa kusikia. Akiona watu kumi wanaagiza nduma, kiazi kitamu na chai isiyo na sukari, kesho ataleta. Anapika tunachonunua.

Anayependa mandazi na asiye na nguvu ya kuyaacha, ale moja, aliagane na sukari ya chai siku hiyo, na apunguze ugali saa saba. Hesabu ni ile ile. Na anayeanza kuacha sukari katika chai apunguze kijiko kimoja kwa wiki mbili, kisha kingine. Ulimi hujifunza, na tangawizi au iliki husaidia. Zile biskuti zilizoandikwa kuwa ni za wagonjwa wa sukari mziache dukani. Ni ghali, na nyingi zao zimetengenezwa kwa unga kama nyingine.

Neno la mwisho ni kwa mwenzetu aliye na ugonjwa huu na hajamwambia mtu. Hatutakuomba usimame hapa. Lakini mwambie mtu mmoja anayefanya kazi karibu nawe. Mwonyeshe mahali unapoweka sukari yako, na umweleze la kufanya ukiyumba. Kama hutaki kumwambia tajiri, mwambie mwakilishi wa chama, naye yampasa aitunze siri hiyo kama anavyotunza fedha za chama. Na ninyi mtakaoambiwa, msiitangaze habari ya mtu pale kibandani, wala msimfanyie mzaha akikataa soda katika sherehe. Mtu huwaficha wenzake ugonjwa akiona kicheko chao ni kikubwa kuliko msaada wao.

Tulipigania saa ya kupumzika ili mtu apate kula kama mtu. Sasa tuitumie vizuri. Mwenyekiti ayalete mambo yale matano mbele ya mkutano, nasi tuyapigie kura kwa mikono.

Umoja ni nguvu.